Kuizima Ngurumo Ndani ya Dakti

Mchoro wa kwanza katika hataza ya Marekani namba 2,043,416 ni wa bomba. Upande mmoja kuna chanzo cha kelele. Mbele yake imechomekwa maikrofoni, na mbele zaidi kuna spika. Ndani ya bomba limechorwa wimbi la sauti kwa mstari mzima, kisha jingine kwa mstari wa nukta, limepinduliwa: la kwanza linapopanda, la pili linashuka. Hataza hiyo ilitolewa tarehe 9 Juni 1936 kwa Mjerumani Paul Lueg, ambaye alikuwa ameliwasilisha wazo lake nchini kwao tangu Januari 1933. Madai yake yalikuwa mafupi: kelele inaweza kuzimwa kwa kelele nyingine.

Leo wazo la Lueg liko masikioni mwa watu. Abiria wa ndege na kijana aliyeketi kiti cha nyuma cha basi la mkoani wanavaa hedifoni zinazopunguza mngurumo wa injini kwa njia ile ile ya kuupinga mgandamizo kwa mgandamizo. Wachache wanajua kwamba mvumbuzi alianza na bomba. Wachache zaidi wanajua kwamba hadi leo bomba ni miongoni mwa mahali ambapo mbinu hii hufanya kazi vizuri kabisa, na kwamba mabomba ya namna hiyo yako juu ya vichwa vyetu. Mafundi wa viyoyozi wanayaita dakti, zile njia za bati zinazopitisha hewa juu ya dari za ofisi, kumbi, maktaba na hospitali.

Hedifoni humtuliza mtu mmoja, yule aliyeweza kuinunua. Spika iliyofungwa ndani ya dakti huwatuliza wote waliomo chumbani, mgonjwa na muuguzi, mwanafunzi na mwalimu, bila yeyote kati yao kuvaa kitu wala kutoa senti. Naamini utulivu wa aina hii ya pili ndio uliostahili kupewa kipaumbele, na makala hii inaeleza unavyopatikana, ulikokwama, na kwa nini majengo yetu ya umma yaufikirie.

Tuanze na kelele yenyewe. Feni inayosukuma hewa kwenye mfumo mkubwa wa kiyoyozi huzungushwa na mota ya umeme. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, kwa hiyo mota ya kawaida ya nguzo nne huzunguka chini kidogo ya mara 1,500 kwa dakika. Tuchukue 1,440, yaani mizunguko 24 kila sekunde. Kama feni imefungwa moja kwa moja kwenye mota hiyo na ina mapanga manane, basi kila sekunde hewa hupigwa mara 192. Hapo ndipo unapozaliwa ule mvumo mzito, wenye noti moja isiyobadilika, unaosafiri na hewa hadi kwenye tundu la darini juu ya meza yako. Chini ya noti hiyo kuna mirindimo mingine isiyo na noti maalumu, inayotokana na hewa kujipindapinda inapotoka kwenye feni na kugonga kona.

Dawa ya kawaida ni sailensa, ambayo ni kipande cha dakti kilichotandikwa pamba ya kioo au kuwekewa mabamba ya pamba hiyo katikati ya njia. Kwa ule mlio wa juu wa hewa, ule wa "shshsh", sailensa hufanya kazi nzuri sana. Kwa mvumo wa chini inashindwa, na sababu yake ni urefu wa wimbi. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 20. Gawanya kwa 192, utapata wimbi lenye urefu wa karibu mita 1.8. Ili pamba ilinyonye wimbi vizuri, unene wake unatakiwa ukaribie robo ya urefu huo, yaani sentimeta 45. Pamba inayotandikwa kwenye dakti kwa kawaida ina unene wa sentimeta mbili na nusu hadi tano. Wimbi linapita kana kwamba hakuna kitu. Fundi akiamua kuongeza pamba hadi itoshe, njia ya hewa inabanwa, feni inalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, bili ya umeme inapanda, na feni yenyewe inazidi kupiga kelele.

Hospitalini kuna tatizo jingine. Pamba iliyo wazi ndani ya njia inayopeleka hewa kwenye chumba cha upasuaji haitakiwi, kwa sababu hushika vumbi na unyevu, na nyuzi zake zinaweza kuchomoka na kuingia kwenye hewa.

Kuna watakaouliza kama mvumo wa chini namna hiyo unadhuru kweli, maana baada ya dakika kumi sikio huzoea. Sikio linaweza kuonekana limezoea huku mwili ukiendelea kulipa gharama. Mwaka 1997 Kerstin Persson Waye na wenzake nchini Sweden walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu walipewa kazi za kufikiri katika vyumba vyenye kelele za viyoyozi za aina mbili. Viwango vya desibeli, kwa kipimo cha kawaida, vilikaribiana, ila kelele moja ilikuwa na mirindimo mingi ya masafa ya chini. Waliofanya kazi chini ya mirindimo walichukua muda mrefu zaidi katika baadhi ya majaribio ya kufikiri, na wao wenyewe walieleza kwamba kelele hiyo iliwaharibia kazi.

Neno la kuzingatia hapo ni kipimo cha kawaida. Mita nyingi za kelele hutumia mizani A, ambayo hupunguza sauti za chini ili kuiga namna sikio linavyozisikia zikiwa ndogo. Katika hezi 63 mizani hiyo huondoa desibeli 26. Maana yake mirindimo ya desibeli 66 katika masafa hayo itaandikwa kwenye ripoti kuwa ni 40 tu. Mkaguzi atasoma namba, ataona ofisi ni tulivu, ataweka sahihi na kuondoka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 ulipendekeza desibeli A zisizozidi 35 darasani wakati wa masomo, na 30 katika wodi za wagonjwa. Ni viwango vizuri, na mwongozo huo huo ulionya kwamba kelele ikiwa na sehemu kubwa ya masafa ya chini, viwango vinapaswa kuwa vikali zaidi. Onyo hilo halisomwi sana.

Kisa ambacho wahandisi wa sauti hupenda kukisimulia kinatoka Uingereza. Vic Tandy alikuwa mhandisi katika maabara iliyotengeneza vifaa vya tiba. Wafanyakazi walikuwa wakisema jengo lina mzimu, na yeye mwenyewe jioni moja, akiwa peke yake, alitokwa na jasho la baridi na kuona pembeni mwa jicho lake umbo la kijivu ambalo lilitoweka alipogeuka. Siku iliyofuata alileta upanga mwembamba aliokuwa akiutumia katika mchezo wa vitara, akaubana kwenye jiliwa ili aurekebishe. Aliporudi akakuta ncha ya upanga inacheza juu na chini, ingawa hakuna aliyeugusa. Tandy hakukimbia. Aliisogeza jiliwa polepole kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine, akaona ncha inatetemeka zaidi katikati ya chumba na inatulia karibu na kuta. Kwa hesabu zake, chumbani kulikuwa na wimbi lililosimama la karibu hezi 19, chini ya kiwango ambacho sikio la kawaida hulisikia, na chanzo chake kilikuwa feni mpya ya kutolea hewa nje. Namna feni ilivyofungwa iliporekebishwa, wimbi likaondoka. Alichapisha taarifa yake na mwenzake Tony Lawrence mwaka 1998. Kama mirindimo hiyo kweli ndiyo iliyomwonyesha lile umbo la kijivu, wataalamu wanabishana. Ila ule upanga uliocheza kwenye jiliwa bila kuguswa unatosha kuonyesha feni ya kawaida inaweza kufanya nini ndani ya chumba.

Sasa turudi kwenye bomba la Lueg, na kwa nini bomba.

Jiwe likiangukia katikati ya bwawa, mawimbi hutawanyika kila upande, na mtu anayetaka kuyafuta kwa kutupa jiwe la pili atafanikiwa sehemu chache tu. Kwingine atayaongeza maradufu. Chumba kiko hivyo hivyo. William Conover wa kampuni ya General Electric aliligundua hilo katika miaka ya 1950 alipojaribu kuzima mvumo wa transfoma kubwa kwa spika. Upande mmoja wa transfoma kukawa kimya, na upande mwingine kelele ikazidi. Ndani ya dakti wimbi halina pa kutawanyikia. Maadamu upana wa dakti ni mdogo kuliko nusu ya urefu wa wimbi, sauti husafiri kama ukuta mmoja wa mgandamizo, sawasawa kutoka ubavu hadi ubavu. Kwa dakti yenye upana wa sentimeta 60, hali hiyo hudumu kwa sauti zote zilizo chini ya hezi 286. Mvumo wetu wa hezi 192 umo ndani ya mpaka huo. Maikrofoni moja inatosha kuusikia wote, na spika moja ubavuni inatosha kuupinga wote. Zingatia jinsi mambo yanavyokamilishana hapa: masafa yale yale yanayoishinda pamba ndiyo yanayotii spika.

Mbinu yenyewe inategemea muda. Weka maikrofoni karibu na feni, na spika mita tatu mbele yake. Sauti itachukua takriban sehemu tisa za elfu moja za sekunde kuutembea umbali huo, wakati umeme ndani ya waya unafika papo hapo. Katika mwanya huo mdogo mtambo unasoma wimbi linalokuja, unalipindua na kulitoa kwenye spika wakati ule ule wimbi halisi linapopita. Kilele kinakutana na bonde. Mgandamizo unakutana na mpanuko. Kinachoendelea mbele ni masalia.

Watu huuliza nguvu ya sauti inaenda wapi, kwa kuwa nishati haiwezi kupotea. Swali ni zuri. Pale penye spika mgandamizo wa hewa unalazimishwa kuwa karibu na sifuri, na wimbi linalofika hapo hurudishwa nyuma kama lililofika kwenye mdomo wa bomba lililo wazi. Linarudi kuelekea kwenye feni na kuchakaa humo njiani, kwenye kuta na kwenye pamba kama ipo. Sehemu nyingine inaweza kunyonywa na koni ya spika yenyewe. Hakuna muujiza. Kelele imezuiwa isifike kwa watu.

Ugumu uko kwenye usahihi. Kupunguza desibeli 20, yaani kuufanya mgandamizo wa sauti ubaki sehemu moja ya kumi, kunataka wimbi la spika lilingane na la feni kwa ukubwa, likikosea lisizidi takriban asilimia 10. Na hata ukubwa ukilingana kabisa, muda haupaswi kukosewa kwa zaidi ya nyuzi sita kati ya 360 za mzunguko mmoja. Kwa mvumo wa hezi 192 hiyo ni chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Lueg mwaka 1933 alikuwa na vali za kioo zilizopashwa moto. Zisingeweza. Harry Olson na Everett May wa kampuni ya RCA walitengeneza mwaka 1953 kile walichokiita kifyonza sauti cha kielektroniki, spika na maikrofoni vilivyowekwa karibu na kichwa cha mtu aliyeketi. Kilifanya kazi katika eneo dogo karibu na kichwa, na wazo likalala tena.

Lilipoamka, liliamkia kwenye dakti. Mjini Marseille, Ufaransa, Maurice Jessel na wenzake walifanya majaribio ya mabomba mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1973 Mwingereza Malcolm Swinbanks alichapisha hesabu za tatizo lililokuwa limewasumbua wote: spika ndani ya bomba hupeleka sauti pande zote mbili. Sauti inayorudi nyuma inaingia kwenye maikrofoni, mtambo unaikuza na kuirudisha, na kufumba na kufumbua kuna mluzi kama ule wa ukumbini mhubiri anaposogeza maiki karibu na spika. Swinbanks alionyesha kwamba ukipanga safu mbili za spika zikipishana kwa muda uliokadiriwa, sauti yake itaenda mbele tu. Katika Chuo cha Chelsea, London, Geoff Leventhall na wenzake walikuja na hila nyingine inayonivutia kwa usahili wake. Waliweka maikrofoni katikati kabisa ya spika mbili zinazovuta na kusukuma kinyume, hivyo sauti za spika hizo zikafutana hapo hapo kwenye maikrofoni, nayo ikabaki kuisikia feni peke yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mbinu hiyo ilipelekwa mahali pagumu, huko Duxford nchini Uingereza, kwenye bomba la kutolea moshi la mtambo wa kusukuma gesi. Makumi ya spika yalipangwa kuuzunguka mdomo wa bomba, na ngurumo ya masafa ya chini kabisa ikashuka kwa zaidi ya desibeli 10. Sikio la binadamu huhesabu upungufu wa desibeli 10 kuwa karibu nusu ya ukubwa wa sauti.

Kilichobaki kilikuwa mabadiliko ya hali. Mtambo uliorekebishwa asubuhi hukosea mchana. Chukua ile dakti yetu yenye mita tatu kati ya maikrofoni na spika. Kiyoyozi kinapowashwa, hewa ndani yake inaweza kuwa ya nyuzi 30, na humo sauti huenda karibu mita 349 kwa sekunde. Baada ya muda hewa inashuka hadi nyuzi 13, na sauti inapungua mwendo hadi mita 339 hivi. Tofauti inaonekana ndogo. Ukiipigia hesabu, mvumo wa hezi 192 unakuwa umechelewa kwa nyuzi 18 za mzunguko wake, na mtambo ambao ungepunguza desibeli zaidi ya 20 unaambulia 10. Feni ikibadilishiwa mwendo, au vumbi likiongezeka kwenye kichujio, hesabu inaharibika tena.

Suluhisho lilikuwa mtambo unaojifunza. Mwaka 1960 Bernard Widrow na Marcian Hoff wa Chuo Kikuu cha Stanford walikuwa wameandika kanuni rahisi ya hesabu inayoweza kujirekebisha yenyewe kidogo kidogo kwa kuangalia kosa lililobaki. Takriban miaka 20 baadaye, watafiti kadhaa waliona kila mmoja kwa upande wake namna ya kuitumia kanuni hiyo kwa sauti. Mmoja wao alikuwa J. C. Burgess wa Chuo Kikuu cha Hawaii, ambaye mwaka 1981 aliigiza kwenye kompyuta dakti inayojizima kelele. Wakati huo huo zikaanza kupatikana chipu maalumu za kuchakata mawimbi, za bei nafuu na zenye kasi ya kutosha.

Waliolifikisha wazo hili sokoni walikuwa watengeneza sailensa. Nelson Industries ya jimbo la Wisconsin, Marekani, ilikuwa ikiuza sailensa za injini. Mhandisi wake Larry Eriksson na wenzake walichapisha mwaka 1987 kanuni iliyoweza kujifunza feni na mluzi wa spika kwa pamoja, na kwa jina la Digisonix wakaanza kufunga mitambo hiyo kwenye dakti za majengo halisi. Napenda kulikumbuka hilo kila ninapoona mitambo hii ikielezwa kana kwamba ni mpinzani wa pamba na bati. Waliowekeza fedha zao humo walikuwa watu waliojua pamba inaishia wapi.

Mtambo wenyewe ukiuona hautakushangaza kwa ukubwa. Ndani ya dakti, karibu na feni, kuna kijibomba chembamba chenye mpasuko mrefu uliofunikwa kitambaa, na maikrofoni imekaa humo ili hewa inayopita isiipulize. Mbele yake, ubavuni mwa bati, kuna tundu la mraba, na nyuma ya tundu kuna boksi lililofungwa barabara lenye spika ya besi. Mbele zaidi kuna maikrofoni ya pili, ambayo ndiyo msimamizi: inasikiliza kilichobaki na kutoa taarifa. Waya tatu zinaingia kwenye kisanduku ukutani. Kikiwashwa mara ya kwanza, kisanduku hicho hutoa kwenye spika sauti ya chini ya "shshsh" kwa muda mfupi, kwa lengo la kujua sauti inabadilikaje kutoka kwenye spika hadi kwa msimamizi. Kisha kinaanza kazi. Ukisimama chini ya tundu la darini utasikia ile noti nzito ikizama taratibu ndani ya sekunde chache, na kubaki mlio laini wa hewa peke yake.

Mlio huo hautaondoka, na mwenye kuuza mtambo akikuambia utaondoka, usimwamini. Spika hizi hufanya kazi nzuri hadi kwenye mamia machache ya hezi. Juu ya hapo nusu ya urefu wa wimbi huwa ndogo kuliko upana wa dakti, mawimbi yanaanza kurukaruka kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, na maikrofoni moja haiwezi tena kuyawakilisha. Huko pamba inatawala, na mfumo mzuri unatumia vyote viwili.

Adui mkubwa zaidi ni hewa yenyewe. Inapokimbia kwa kasi, au inapotoka kwenye kona kali iliyobanwa na feni, hujisokota na kuigonga maikrofoni. Maikrofoni husikia vishindo ambavyo si sauti inayosafiri, na mtambo hauwezi kupinga ambacho haukupewa taarifa zake sahihi. Kuna kanuni isiyokwepeka hapa: kama asilimia 90 tu ya nguvu iliyoko kwenye maikrofoni ya msimamizi inahusiana na kilichosikika kwenye maikrofoni ya kwanza, upungufu hauwezi kuvuka desibeli 10, hata utumie chipu ya aina gani. Ukitaka 20, uhusiano huo lazima ufikie asilimia 99. Ndiyo maana fundi bati ana nafasi kubwa katika utulivu wa jengo kuliko mwandishi wa programu. Kona yenye mabawa ya kuongoza hewa, dakti iliyonyooka kabla ya maikrofoni, kiungo cha turubai kati ya feni na bati, raba za kupunguza mtetemo chini ya mota. Hivyo vyote huja kwanza. Kisa cha Tandy kilimalizwa kwa kurekebisha ufungaji wa feni, na feni nyingi za kwetu zingetulia kwa kiasi kikubwa kwa njia hiyo hiyo kabla hata ya kufikiria spika.

Kwa nini basi teknolojia hii haikuenea kwenye majengo kama ilivyoenea masikioni? Historia ya hedifoni inajulikana. Mwaka 1978 Amar Bose, akiwa ndani ya ndege kutoka Zurich, alisumbuliwa na kelele za ndege akaanza kupiga hesabu za namna ya kuzizima. Mwaka 1989 kampuni yake ikauza hedifoni za marubani, na mwaka 2000 zikaja za abiria wa kawaida. Hedifoni ina mnunuzi mmoja anayesikia faida papo hapo. Dakti haina mnunuzi wa namna hiyo. Anayelipa ni mwenye jengo, anayefunga ni mkandarasi mwenye bei ya chini, na anayeumia ni karani ambaye hakuulizwa. Sailensa ya pamba ni rahisi kununua na haina waya. Mtambo wa spika unahitaji mtu wa kuukagua, na ukizimika hakuna anayegundua, maana dakti inaendelea kutoa hewa baridi kama kawaida. Katika ukanda wetu wa pwani kuna pia unyevu. Hewa baridi ndani ya bati na joto la Dar es Salaam au Mombasa nje yake huleta matone, na spika yenye koni ya karatasi haitadumu humo. Inatakiwa yenye koni ya plastiki, na maikrofoni inayoweza kuchomolewa na kusafishwa bila kuvunja dari.

Yote hayo ni matatizo ya usimamizi, si ya fizikia, na yanatatulika. Katika ofisi ya kawaida yenye viyoyozi vya ukutani hakuna dakti na hakuna la kuzungumza. Nazungumzia ukumbi wa mihadhara wa watu 300, chumba cha uangalizi maalumu hospitalini, maktaba, mahakama ambako ushahidi wa shahidi mwenye sauti ndogo lazima usikike. Majengo hayo yana feni kubwa na dakti ndefu, na yanajengwa kwa fedha za umma. Humo mtambo usioiziba njia ya hewa una faida mbili kwa pamoja, kelele inapungua na feni haiongezewi mzigo kwa miaka yote jengo litakapokuwa likitumika.

Wanaoandaa zabuni wanaweza kuanza na jambo dogo lisilo na gharama: kudai vipimo vya kelele vinavyoonyesha masafa ya hezi 63 na 125 kila moja peke yake, pamoja na ile namba moja ya mizani A. Mkandarasi akijua mirindimo itapimwa, atachagua feni yake kwa uangalifu zaidi. La pili ni nafasi. Kati ya feni na tawi la kwanza la dakti panahitajika kipande kilichonyooka cha mita tatu au nne, chenye mlango wa ukaguzi na soketi ya umeme karibu. Jengo likishamalizika, kipande hicho hakipatikani tena kwa bei yoyote ya maana. Juu ya dari pameshajaa mabomba ya maji, nyaya na mihimili. Kinapaswa kuwemo kwenye michoro kabla ya zege kumwagwa, hata kama fedha ya spika haijapatikana mwaka huo.